Nukta ya Kijani ya Bwana Mkude

Kulikuwa na nchi. Kama haikuwepo, msiseme nimewaambia mimi. Jina lake silitaji kwa sababu wenyewe huiita Taifa tu, na mgeni akiuliza Taifa lipi huangaliwa kwa jicho la huruma. Ilikuwa nchi ya amani na utulivu, yenye serikali inayofanya kazi usiku na mchana, na ushahidi wa kazi hiyo ulikuwa koti.

Zamani zile, watumishi wa Taifa walipokuwa bado wanakwenda ofisini, kila afisa alikuwa na makoti mawili, moja lake na jingine la kiti. Alifika asubuhi, akalitundika koti la pili kwenye mgongo wa kiti, akafungua faili, akaweka kalamu juu yake bila kifuniko, kisha akaenda zake. Wengine walikwenda shambani, wengine dukani kwao, wengine nyumba ndogo. Mwananchi akija na shida yake, karani alimwonyesha koti. Koti lipo, kwa hiyo mwenyewe yupo. Kaa kwenye benchi. Na mwananchi alikaa, maana hakuna mwenye akili timamu anayebishana na koti la serikali. Watu walichumbiana kwenye mabenchi yale, wakaoana, na watoto wao wakarithi nafasi kwenye foleni.

Kisha jengo la wizara likauzwa kwa shemeji wa mtu fulani, akaligeuza ukumbi wa harusi. Serikali ikatangaza kwamba haikuuza jengo, bali imeukomboa utumishi wa umma kutoka utumwa wa kuta. Kila mtumishi angefanya kazi nyumbani kwake. Akapewa kompyuta, printa, feni na taa ya mezani, vyote vikiwa na nembo ya Taifa. Makoti yaliagwa kwa gwaride. Koti lililokaa kitini muda mrefu kuliko yote lilitunukiwa nishani, na mwenye koti alipoitwa jukwaani kuipokea, ikabainika kuwa alikuwa ameshafariki kitambo. Katika miaka yote hiyo ya ufu wake hakuwahi kupata onyo hata moja la utoro, jambo lililotajwa kwenye hotuba kama mfano wa kuigwa.

Likabaki swali moja. Mtumishi akiwa nyumbani kwake, utajuaje kama yupo kazini? Daktari Ntulo Kasimbazi, Mdhibiti Mkuu wa Kuwepo, alilijibu. Alisimika Makao Makuu ubao mkubwa wa kioo, na kila mtumishi wa Taifa akawa nukta ya kijani juu yake. Kompyuta ya mtumishi ikiwaka, nukta huwaka. Ikizimwa, nukta hufa.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya uzinduzi, "mtu anaweza kudanganya, na koti nalo, tumegundua, linaweza kudanganya. Lakini umeme haujawahi kusema uongo. Mashine inayowaka ni mtumishi anayewaka. Mashine iliyozimwa ni tundu katika ngao ya Taifa."

Watu walipiga makofi, hata wale wa nyuma ambao hawakusikia kitu kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimekosa umeme.

*

Bwana Mkude Lwambo alikuwa Msajili wa Vizazi wa kata, na tatizo lake lilikuwa malezi. Mama yake alimlea kwa koroboi, na alikuwa mwanamke wa kuipuliza koroboi katikati ya hadithi, ati masikio hayahitaji mwanga. Basi Mkude akakua na ugonjwa wa kuzima. Akitoka chumbani huzima taa, akimaliza kupiga pasi huchomoa waya, na alipoletewa kompyuta ya serikali akaifanyia vivyo hivyo.

Sheria ya Taifa ilisema kwamba mtoto huhesabiwa amezaliwa pale tu anapozaliwa Msajili wa kata akiwa kazini. Ilitungwa zamani ili kuwazuia akina mama kuzaa siku za sikukuu, na ingawa akina mama hawakuitii sana, haikufutwa. Mke wa Mkude, Bi Mwantumu, ndiye aliyekuwa mkunga wa zahanati iliyo mwisho wa mtaa wao. Mama akishikwa na uchungu, Bi Mwantumu alimpigia mumewe simu, naye akawasha kompyuta. Mtoto akilia, alimwandika. Akishamwandika alizima, akaenda kumwagilia mchicha. Katika mtaa mzima hapakuwa na mashine nyingine iliyowashwa kwa sababu.

Na Mkude aliichukulia kazi hiyo kwa uzito usio wa kawaida kwa mtumishi, maana sheria ile ilikwisha kumchoma nyumbani kwake. Binti yake wa pekee, Zamda, alizaliwa Siku ya Taifa, wakati Msajili wa enzi hizo akiwa kwenye gwaride. Kwa hiyo hakuzaliwa. Alipofika umri wa shule alikataliwa kwa upole, akawa anasoma amesimama nje ya dirisha, na mwalimu mwenye huruma alikuwa akiandika kwa herufi kubwa ili naye aone. Baba yake alihangaika ofisi hadi ofisi, akakaa kwenye mabenchi, akayasalimia makoti mengi, na mwisho akafanikiwa kumwingiza nchini kama mhamiaji kutoka nchi jirani. Siku hiyo Mkude alilia, kisha akaapa kwamba akipata kazi ya usajili, katika kata yake hakuna mtoto atakayekua akiwa hayupo.

Sasa Zamda alikuwa mja mzito. Mumewe alikuwa dereva wa lori, huonekana nyumbani kwa nadra, hivyo alirudi kwa wazazi kujifungulia mikononi mwa mama yake. Alikuwa na ombi moja tu kwa baba yake, naye alilirudia kila walipokaa kula: huyu wa kwangu aandikwe, Baba, asije akasimama dirishani.

Makao Makuu, hata hivyo, hawakumwelewa Mkude. Walimpigia simu kumweleza kwamba nukta yake inawaka na kuzimika kama kimulimuli, jambo linaloharibu sura ya ubao. Akajitetea kuwa huwasha wanapokuwepo watoto wa kuandika. Akaulizwa, na wasipokuwepo? Akajibu kuwa huzima. Hapo akaulizwa kwa sauti ya upole kama kuna matatizo yoyote nyumbani. Mwisho akashauriwa aiache mashine iwake, yeye mwenyewe akalale. Alijaribu. Lakini kila alipofumba macho alimsikia mama yake akiuliza nani kaacha taa, akainuka, akazima, akaendelea na maisha yake ya uhalifu.

*

Majirani zake walikuwa wazalendo, hawakuzima. Mtaa ule ulikuwa wa watumishi watupu, na kila sebule ilikuwa na mashine inayowaka mchana kutwa na usiku kucha. Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta isipoguswa husinzia, na ikisinzia nukta yake hugeuka njano, na njano Makao Makuu ilimaanisha uvivu.

Aliyeutatua mtihani huo ni Bwana Pazi Nyangasa, Afisa Mipango, jirani wa mlango wa pili. Alichukua uzi wa kushonea viatu, akafunga ncha moja kwenye kipanya cha kompyuta na nyingine kwenye shingo ya feni, ile inayogeuka kulia na kushoto. Feni ikigeuka, kipanya kinasogea. Kipanya kikisogea, Afisa Mipango anapanga. Baada ya hapo alishuka bondeni kulima vitunguu, akawa anarudi nyumbani kuoga na kubadilisha shati. Mtaa mzima ukaiga. Feni zilipanda bei mpaka wagonjwa wa homa wakakosa za kujipepea.

Mwaka ule Bwana Pazi alitangazwa Mtumishi Bora wa Taifa, kwa kuwa nukta yake haikuwahi kupepesa. Yeye alikuwa anapalilia, hivyo mkewe, Bi Kidawa, akampokelea cheti. Isitoshe, kuku wa Bi Kidawa alikuwa amegundua kwamba juu ya kibodi kuna joto zuri la kuatamia, na katika kugeuka-geuka alituma Makao Makuu waraka wa kurasa nyingi wenye herufi moja tu. Haukupita muda, jibu likaja. Makao Makuu walimshukuru Afisa Mipango kwa maoni yake mazito, wakamhakikishia kwamba yanafanyiwa kazi, na ninavyosikia, bado yanafanyiwa.

*

Aliyekuwa hana raha ni Bi Mwantumu. Zahanati yake ilichota umeme kutoka transfoma ileile inayolisha nyumba za watumishi, na kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mstari, ilipata kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa cha kunusa. Taa ya chumba cha kuzalia ilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa. Kitanda cha kuwapasha joto watoto wachanga kilikuwa baridi kuliko sakafu. Mashine ya kufyonza ute, ile inayomsafisha mtoto njia ya hewa akizaliwa amemeza uchafu, ilikuwa inanguruma bila kuvuta kitu.

Lakini Jumapili moja ubao wa Makao Makuu ulifungwa ili ufutwe vumbi, watumishi wakaruhusiwa kuzima. Siku hiyo taa ya zahanati iliwaka mpaka Bi Mwantumu akafumba macho. Jumatatu mashine zikarudi kuwaka, na taa ikarudi kuwa nyekundu. Alimweleza mumewe jioni hiyo bila kuzunguka.

"Baba Zamda, mtoto wangu atashikwa na uchungu wiki hizi hizi. Akizaa mtoto mzima, tutamshukuru Mungu. Ila akija mtoto aliyechoka, sina mashine ya kumtoa. Mashine yangu imekaliwa na kuku wa Kidawa."

Mkude akatoka kwenda kuwaomba majirani wazime vifaa ambavyo hawavitumii. Alizunguka sebuleni kwao akakuta feni, akashuka bondeni akawakuta wote kwenye vitunguu. Walimsikiliza kwa huruma ya kweli. Hakuna aliyesema kwamba kuzima ni vibaya. Kila mmoja alisema tu kwamba asingependa kuwa wa kwanza. Kuna waliokuwa na mikopo, kuna waliokuwa wanasubiri cheo, na Bwana Pazi alieleza kwamba Mtumishi Bora akizima atawavunja moyo vijana. Mkude alirudi na fungu la vitunguu na pole nyingi.

Akawaandikia Makao Makuu. Nao hawakumpuuza, wakaunda Tume ya Kitaifa ya Kuzima au Kutozima, yenye wajumbe kutoka kila idara. Wajumbe nao walifanya kazi nyumbani, kwa hiyo vikao vilikuwa vya feni kwa feni, na mahudhurio hayakuwahi kupungua. Ripoti ilipotoka ilikuwa na kauli moja. Tume ilibaini kwamba kuzima kifaa kisichotumika ni hatari, kwani kinaweza kuzoea. Ilibaini pia kwamba upungufu wa umeme kwenye zahanati unasababishwa na zahanati. Ili kuokoa umeme, wananchi walitakiwa kuzima balbu zao saa za chakula, na tangu siku hiyo familia za mtaa ule zilikula ugali kwa mwanga wa kompyuta, baba akiwa hayupo na nukta yake ikiwaka.

*

Uchungu ulimshika Zamda adhuhuri ya siku ya mvua, mawingu yametanda mpaka kuku wakadhani magharibi imeingia. Mkude alibaki nyumbani, akawasha kompyuta yake, akaketi mbele yake na kanzu safi kama mtu anayesubiri wageni. Nukta yake ilikuwa kijani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliitazama mashine inayowaka akaipenda.

Simu ya mkewe ilipokuja haikuwa ile aliyoitarajia.

"Mtoto amechafua maji tumboni," Bi Mwantumu alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, haina mume wala mtoto ndani yake. "Akitoka lazima nimfyonze, na mashine haivuti. Sikufundishi la kufanya."

Mkude alitoka bila viatu. Nyumba ya kwanza aliyoiingia ilikuwa ya Bwana Pazi. Bi Kidawa alikuwa kizingitini anapeta mchele, na Mkude akamwambia mambo yote kwa pumzi moja: Zamda, maji, mashine, naomba nizime.

"Ukizima, shemeji, mume wangu atakuwa hayupo," alisema Bi Kidawa.

"Kwani sasa yupo?"

Bi Kidawa alifikiri kwa haki kabisa. "Hayupo. Ila sasa hayupo vizuri. Ukizima atakuwa hayupo vibaya."

Kisha akaweka ungo chini. Zamda alikuwa amekulia mgongoni mwake, wakati ambapo Bi Mwantumu alikuwa akikesha na wazazi wengine, na wala haikuwa imempitikia Bi Kidawa wakati huo kwamba mgongoni hakuna mtu. Aliingia ndani, akamwondoa kuku aliyekuwa akilalamika, akachomoa waya kutoka ukutani. Feni ikageuka mara ya mwisho, ikasimama ikitazama mlango.

Baada ya hapo hawakuomba tena ruhusa. Bi Kidawa alishika upande mmoja wa mtaa, Mkude upande mwingine. Katika kila nyumba waliyoingia walikuta hali ileile, kompyuta inawaka, feni inageuka, kiti hakina mtu. Wake za watumishi walisimama milangoni, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, na wengi wakageuka wenyewe kwenda kuzima. Mmoja aligoma, akisema cheo cha mumewe kinatoka mwezi ujao. Mama mkwe wake akamzimia.

Simu ikalia tena. Mashine ya kufyonza ilikuwa imeanza kugeuka, alisema Bi Mwantumu, lakini bado haikuvuta, na kichwa kilikuwa njiani. Mkude akatazama mtaa juu na chini. Madirisha yote yalikuwa giza isipokuwa moja, nalo lilikuwa lake.

Aliingia sebuleni. Kompyuta ilikuwa inawaka kama alivyoiacha, na jina la mama wa mtoto lilikuwa limeshaandikwa: Zamda Mkude, mhamiaji. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la mtoto. Mkude alijua sheria ile kuliko aliyeitunga. Akiiacha mashine, mjukuu wake angekuwepo kisheria, ikiwa angepumua. Akizima, angepumua, na asingekuwepo. Aliona dirisha la shule na msichana mdogo amesimama nje yake. Alisema, "Nisamehe, mama," na hata mwenyewe hakujua alikuwa anamwambia mama yake au binti yake. Akazima, akazima taa ya mezani, akachomoa na printa, ambayo haikuwahi kuchapisha kitu tangu iletwe.

Alikuwa bado amekaa gizani aliposikia sauti kutoka mwisho wa mtaa. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtu aliyekasirishwa sana. Wanawake waliokuwa milangoni wakapiga vigelegele, na Mkude akafunika uso kwa mikono yake akalia kwa furaha, bila kujali nani anamwona.

*

Makao Makuu, Daktari Kasimbazi aliona mtaa mzima ukifutika kwenye ubao. Ukiacha kile kimulimuli cha Mkude, alikuwa hajawahi kuona nukta ikifa, sembuse mtaa. Kwa kuwa haiwezekani mtumishi wa Taifa kuwa hai na kutowaka, alitoa taarifa kwamba watu wote wa mtaa ule wameangamia, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na kesho yake akafika mwenyewe na msafara wa mashada ya maua.

Aliwakuta wanakunywa uji wa mzazi. Ilikuwa aibu kidogo kwa pande zote. Hata hivyo hotuba ya rambirambi ilikuwa imeshapitishwa na ngazi za juu na haikuweza kurudishwa, kwa hiyo aliisoma yote, na marehemu waliisikiliza kwa heshima. Bwana Pazi, aliyekuja mbio kutoka bondeni na matope miguuni, aliposikia alivyokuwa mchapakazi alishindwa kuzuia machozi.

Mashada yalipokwisha kuwekwa, Daktari Kasimbazi aliingia sebuleni kwa Mkude. Zamda alikuwa pale kwenye mkeka, amemlaza mtoto kifuani. Alikuwa mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi na sauti kubwa. Bi Mwantumu alikuwa amekaa pembeni ya binti yake, anakunja nepi.

Daktari hakuwa mtu mkatili. Alieleza kwa utulivu kwamba mtoto alizaliwa Msajili akiwa amejizima mwenyewe, kwa hiyo hakuzaliwa, na pole sana. Lakini lilikuwepo jambo la kufanya. Mkude angetamka tu mbele ya mashahidi kwamba hakuna aliyezima kitu. Kwamba mtaa wote uliwaka, Msajili aliwaka, na mashine ya zahanati ilivuta vizuri katikati ya kuwaka huko. Mtoto angeandikwa papo hapo, Mkude angebaki na usajili wake, na Tume ingekuwa imethibitika. Kizingiti chote kilikuwa neno moja.

"Na mama atakayefuata?" Mkude akauliza. "Mashine itamvutia vipi, kama mimi nimesema inavuta?"

Daktari akasema kwamba mama atakayefuata hayumo kwenye ajenda.

Neno lilikuwa dogo, na kulitamka kungetimiza kiapo chake cha miaka yote. Alimgeukia binti yake, maana mtoto alikuwa wake, na aliyesimama nje ya dirisha la shule alikuwa yeye. Alitaka kuomba radhi kabla hajalitamka au kabla hajalikataa, yeye mwenyewe hakujua.

"Baba, usimwambie uongo kwa ajili yangu," Zamda alisema. Hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Mimi nilikaa bila kuwepo mpaka nikaota meno ya pili, na nipo. Asingepata hewa, angeandikwa wapi? Mwanangu hana haraka ya kuwa raia. Ana haraka ya kunyonya."

Basi Mkude akamjibu Mheshimiwa kwamba alizima, na kwamba ikibidi atazima tena. Daktari Kasimbazi alimtazama kwa masikitiko makubwa, kisha akaondoka na msafara wake na mashada yake, kwa kuwa yalikuwa ya kukodi.

*

Mkude alifutwa kwa namna ya kisasa: Makao Makuu walitangaza kwamba hajawahi kuajiriwa. Usajili wa vizazi ulikabidhiwa kwa Bwana Pazi, ambaye nukta yake ilirudi kuwaka bila kupepesa, nao feni na kuku wakaupokea wadhifa huo kimya.

Mtaani nako utaratibu mpya ukaanza, bila hotuba. Mama akishikwa na uchungu, Bi Mwantumu hutandaza khanga nyekundu kwenye ua wa zahanati. Wake za watumishi wakiiona huingia ndani, huondoa kuku na feni, huzima kila kisichotumika, na kwa kuwa hakuna kinachotumika, mtaa wote huzimika. Mtoto akilia, khanga huanuliwa na mashine huwashwa. Makao Makuu hawakushuka tena na mashada. Walikwisha kuona aibu mara moja, kwa hiyo sasa nukta zikifa waliandika kwamba ni tatizo la mtandao. Tatizo la mtandao ni kitu kinachoheshimiwa sana katika Taifa, hakuna anayethubutu kuliuliza linatoka wapi.

Lakini sheria ni sheria. Kila mtoto aliyezaliwa pale alizaliwa mashine ya Msajili ikiwa imezimwa na Bi Kidawa, na kwa hiyo hakuzaliwa. Mwaka wa kwanza ulipita bila kizazi hata kimoja, na wa pili. Serikali ilifurahi, ikaipa kata kombe la uzazi wa mpango. Halafu mtu mmoja mwenye akili nyingi akauliza, zahanati isiyozalisha mtu inakula umeme wa nini? Umeme huo ungeweza kuwasha kompyuta nyingi.

Daktari Kasimbazi alikuja mwenyewe na kufuli. Kwenye ngazi za zahanati alimpita Bwana Mkude, ambaye siku hizi hukaa pale kuwalea watoto wakati mama zao wapo kliniki, akiwa na mjukuu wake begani na kundi la wengine wakimpanda miguuni. Watoto walikuwa wengi, wanakimbizana na kupiga kelele. Daktari alipita katikati yao kwa uangalifu mkubwa asije akamwona hata mmoja.

Mlangoni alikutana na Bi Mwantumu, mikono imelowa mpaka viwikoni. Akakohoa, akaanza kumsomea: kwa kuwa katika kata hii hakuna mtoto aliyezaliwa, na kwa kuwa hakuna dalili kwamba atazaliwa. Hapo mwanamke akalia kwa nguvu kutoka chumba cha ndani. Daktari akasimamisha hotuba, akauliza hiyo ni kelele ya nini.

"Ni mwingine ambaye hazaliwi, Mheshimiwa," Bi Mwantumu akasema. "Naomba unipishe, kichwa kimeshatoka."